Barabara ya Vumbi Nayo Ni Mali: Hoja ya Njia za Baiskeli Usambara

Barabara ya lami inayopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto ina kilometa 33 hivi, na katika umbali huo mdogo humtoa msafiri kwenye joto la bondeni, mita zipatazo 400 juu ya usawa wa bahari, ikamfikisha kwenye ubaridi wa mita 1,400. Wageni wengi humaliza safari yao hapo. Hulala Lushoto mjini, hutembea hadi mwamba wa Irente kutazama nyika iliyo chini, na kesho yake hurudi walikotoka. Lakini sehemu kubwa ya Usambara Magharibi iko mbele ya mji huo, na kuifikia, kwa sehemu kubwa, ni kwa barabara za udongo na changarawe: zinazopita Magamba kwenda Lukozi, Shume na Sunga hadi Mtae kwenye ukingo wa milima; zinazoshuka Mlalo na kupinda kuelekea Rangwi; zinazotoka Soni kwenda Bumbuli na msitu wa Mazumbai. Ni nchi ya vilima juu ya vilima, msitu kisha shamba kisha msitu tena. Makala haya yanatetea jambo moja: barabara hizo zisihesabiwe kuwa dalili ya kuachwa nyuma tu. Ni mali, na mojawapo ya njia za kuifanya mali hiyo ionekane ni baiskeli, kwa sababu barabara anayoihitaji mwendesha baiskeli ndiyo hiyo hiyo anayoihitaji mkulima wa kabichi.

Uendeshaji baiskeli kwenye changarawe umekua haraka mno katika miaka ya karibuni, hata Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, likaanzisha mashindano yake ya dunia mwaka 2022 katika jimbo la Veneto, Italia. Baiskeli yenyewe ina usukani uliopinda kama ule wa baiskeli za mashindano ya lami, breki za diski, gia nyepesi za kupandia milima, na matairi mapana, mara nyingi kati ya milimita 35 na 50. Siri kubwa iko kwenye upepo wa tairi. Kwenye lami tairi jembamba hujazwa mpaka likawa gumu. Kwenye changarawe tairi pana huachwa na upepo mdogo makusudi, ili kokoto inapogonga, mpira ubonyee na kuimeza badala ya kuirusha baiskeli nzima juu. Baiskeli yenye tairi linalobonyea kidogo hivyo hupoteza nguvu chache kuliko inayorukaruka, na mwendeshaji huweza kukaa juu yake saa nyingi bila mikono kufa ganzi. Ndiyo maana watu wanaopenda mchezo huu hawatafuti barabara laini. Wanatafuta barabara imara, yenye magari machache, kona nyingi, vivuli, na kijiji kila baada ya kilometa kadhaa ambapo mtu anaweza kupata maji, chai na fundi wa pancha.

Kwa vigezo hivyo Usambara ina mengi ambayo nchi nyingine zimelazimika kuyatengeneza. Vijiji vya Wasambaa vimekaa kwenye migongo ya milima, na kati ya kijiji na kijiji, soko na soko, kuna mtandao wa njia uliokuwapo kabla ya gari la kwanza. Utawala wa Kijerumani uliongeza njia za kuvunia mbao. Mierezi ya Shume ilishushwa kwa kamba za chuma hewani hadi Mkumbara, kwenye reli ya Tanga. Baadaye wakulima wa viazi, karoti, kabichi, peasi na plamu walizipanua njia nyingine kwa mahitaji ya malori ya kwenda Dar es Salaam. Matokeo yake ni mzunguko. Mtu anaweza kuondoka Lushoto kwa upande mmoja, akapita kwenye kivuli cha hifadhi ya mazingira asilia ya Magamba yenye zaidi ya hekta 9,000, akatokea kwenye mashamba ya wazi, na kurudi kwa upande mwingine bila kurudia njia. Halijoto inaruhusu kuendesha hata saa sita mchana, jambo gumu katika sehemu nyingi za pwani na nyika.

Mfano unaofundisha zaidi uko Toscana, Italia. Kwa karne nyingi mashamba ya huko yalilimwa kwa ubia: mwenye ardhi alitoa shamba na nyumba, mkulima akatoa nguvu zake na za jamaa yake, na mavuno yakagawanywa. Kila nyumba ya shambani iliunganishwa na jirani yake kwa barabara nyeupe ya mawe ya chokaa, ikipanda na kushuka kati ya mizabibu, mizeituni na misitu ya mialoni. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watu walihamia viwandani, mfumo huo ukafa, na lami ikaanza kuzimeza barabara nyeupe moja baada ya nyingine. Mwaka 1997 Giancarlo Brocci, mwenyeji wa eneo la Chianti, aliandaa safari ya baiskeli za kizamani kutoka Gaiole, akaiita L'Eroica. Walijitokeza watu 92. Shabaha yake haikuwa burudani peke yake. Alitaka watu wazione barabara zile kuwa urithi unaostahili kulindwa. Miaka kumi baadaye, mwaka 2007, yalizaliwa mashindano ya wataalamu ambayo leo dunia inayajua kwa jina la Strade Bianche, yanayomalizikia kwenye uwanja mkuu wa Siena. Leo kuna njia ya kudumu ya kilometa 209 yenye vibao vya kuelekeza, ambayo mtu yeyote anaweza kuiendesha siku yoyote ya mwaka. Barabara zilizokuwa zikionewa aibu zimekuwa sababu ya watu kusafiri kutoka mabara mengine.

Si Italia tu. Emporia, mji wa jimbo la Kansas, Marekani, wenye watu wapatao 24,000, ulikuwa haujulikani sana nje ya jimbo lake. Mwaka 2006 waendeshaji 34 walianza safari ya maili 200, yaani kilometa 320 hivi, kwenye vilima vya Flint Hills, ambako mawe makali ya gumegume hupasua matairi bila huruma. Mashindano hayo, ambayo sasa huitwa Unbound Gravel, huleta maelfu ya watu kila mwaka katika mji ule ule mdogo. Karibu nasi zaidi, Rwanda iliweka njia ya Congo Nile Trail, kilometa 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi juu ya ufuko wa Ziwa Kivu, kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli, na mwezi Septemba 2025 Kigali ikawa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Kenya nayo, tangu mwaka 2021, ina Migration Gravel Race, mashindano ya siku nne kwenye nchi ya Wamasai kuelekea Mara, yaliyozaliwa pamoja na timu ya Amani inayokusanya waendeshaji wa Afrika Mashariki. Katika mifano yote hiyo hakuna aliyeanza kwa kujenga kitu kipya. Walianza kwa kuchagua barabara zilizopo, kuzichora kwenye ramani, kuziwekea alama na kuzitunza.

Neno la mwisho hilo, kuzitunza, ndilo kiini cha hoja. Barabara ya udongo milimani haiuawi na magari peke yake. Huuawa na maji. Tazama kona moja ya mteremko wakati wa masika. Mtaro wa upande wa mlima ukiwa umeziba kwa majani na udongo ulioporomoka, maji hukosa pa kupita, huvuka barabara, hufuata alama ya gurudumu la lori, huichimba, na katika mvua chache alama ile huwa korongo linalofika magotini. Kalavati iliyo chini ya kona huwa nzima kabisa, imejaa mchanga, haina kazi. Barabara nzuri ya changarawe inahitaji mambo ya kawaida sana: katikati iwe juu kuliko pembeni kwa sentimeta tano hivi katika kila mita, mitaro iwe wazi, pawe na michirizi ya kuyatoa maji kwenda kwenye nyasi kila baada ya hatua kadhaa kabla hayajapata nguvu, na kifusi kiwe na udongo wa kutosha kushikamanisha kokoto. Kifusi kikikosa udongo huo, magurudumu yanayokimbia huanza kurukaruka na kuichora barabara mawimbi ya kama bati, yanayolegeza nati za lori na kuivuruga mikono ya mwendesha baiskeli sawasawa.

Sasa linganisha mahitaji. Mwendesha baiskeli anataka barabara isiyo na makorongo, isiyo na mawimbi, isiyogeuka utelezi kila mvua inaponyesha. Mkulima wa Lukozi anataka hiyo hiyo, kwa sababu lori likikwama siku mbili, kabichi huoza na dalali hushusha bei. Mwanafunzi anayetembea kilometa kadhaa kwenda shule anataka hiyo hiyo. Bodaboda anayembeba mgonjwa kwenda zahanati anataka hiyo hiyo. Tanzania ina zaidi ya kilometa 100,000 za barabara za wilaya na vijiji zilizo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza kazi mwaka 2017, na sehemu kubwa ya barabara hizo ni za udongo au changarawe. Hakuna bajeti itakayozipa zote lami katika kizazi hiki. Kinachowezekana ni kuzifanya ziwe barabara nzuri za changarawe, na kazi hiyo hupata watetezi wapya pale ambapo mgeni naye analipa kuipita. Shilingi ya mwendesha baiskeli ikielekezwa kwenye mtaro na kalavati, haimhudumii yeye peke yake.

Pingamizi la kwanza ni zito, na lina haki ya kujibiwa bila kuzungushwa. Watasema: hii ni anasa ya kumwambia maskini abaki na vumbi ili mwenye nacho apate mandhari. Na wataongeza, kwa ukweli, kwamba barabara nyeupe za Toscana zilisalia kwa sababu watu waliondoka. Usambara haijahamwa, imejaa watu, na mama anayepelekwa hospitali kujifungua hana haja ya changarawe ya kupendeza. Ni kweli. Mtu anayetaka kuizuia lami kwenye barabara kuu za mazao kwa ajili ya baiskeli hana hoja. Barabara zinazoteremsha mazao na wagonjwa ziwekwe lami mapema iwezekanavyo, na miinuko mikali iwekewe zege pale lami inapochelewa. Lakini mtandao wa barabara ni kama mti: una shina na una matawi, na lami hulifuata shina. Matawi ni mengi mno, na yatabaki ya udongo kwa muda mrefu, tukipenda tusipende. Rwanda imeonyesha kwamba viwili hivi vinaishi pamoja: barabara ya lami imejengwa kutoka Rubavu hadi Rusizi, na njia ya baiskeli inaendelea kupita chini yake, karibu na ziwa, katika vijiji ambavyo lami haivifikii. Tena lami inapoyavutia magari kwenye shina, matawi hubaki na utulivu ambao baiskeli inauhitaji. Kwa hiyo swali si lami au vumbi. Swali ni je, yale matawi yaachwe yafe kila masika, au yatunzwe.

Pingamizi la pili linatoka kwa wapenda misitu. Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale yenye mimea na wanyama wasiopatikana kwingine. Ua ambalo dunia hulipanda madirishani kwa jina la Saintpaulia lilichukuliwa milima hii hii kupelekwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 19. Je, magurudumu hayataharibu? Tahadhari hii ni ya haki, lakini ushahidi unaipunguza hofu. Utafiti uliofanywa kwenye njia za milimani Montana, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994, ulilinganisha watembea kwa miguu, farasi, pikipiki na baiskeli, ukakuta kwamba kwenye njia iliyolowa, kwato na miguu ndivyo vilivyolegeza udongo mwingi kuliko magurudumu. Na majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa Illinois kati ya 1958 na 1960, ingawa yalihusu lami na zege, yalifundisha wahandisi kwamba mzigo wa ekseli ukiongezeka mara mbili, madhara huongezeka mara kama kumi na sita. Baiskeli na mwendeshaji wake hawafiki hata uzito wa ng'ombe mmoja. Lori la mbao lina tani. Hata hivyo ushahidi huo hautoi ruhusa ya kila kitu. Baiskeli zibaki kwenye barabara zilizopo, zisifungue vijia vipya chini ya miti. Ndani ya hifadhi zipite pale tu ambapo Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, umeruhusu. Na katika wiki za mvua kubwa za masika, vipande laini vifungwe. Njia yenye masharti yanayoeleweka huilinda misitu kuliko njia isiyo na mwenyewe, kwa sababu macho yanayopita kila wiki huona haraka mti uliokatwa usiku.

Pingamizi la tatu ni la nani atafaidi. Baiskeli moja ya changarawe kutoka Ulaya au Marekani inaweza kugharimu zaidi kuliko pikipiki mpya. Wenye mashaka husema mgeni atapita, ataacha vumbi na picha, fedha zitabaki kwa kampuni ya mjini. Historia ya Usambara yenyewe inatoa onyo. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, ikawalazimisha wakulima kuchimba matuta kwenye mashamba yao. Kulinda udongo lilikuwa jambo jema, lakini wakulima hawakushirikishwa; kazi ilikuwa ngumu, faida haikuonekana, na upinzani ulikua mpaka mpango ukaachwa katika miaka ya 1950. Mpango wowote wa njia za baiskeli utakaoshuka kutoka juu kwa namna ile utastahili mwisho ule. Ndiyo maana vijiji lazima viwe wenye njia, si wapitiwa. Serikali ya kijiji ijue ada ni kiasi gani na imekwenda wapi. Vikundi vya vijana vipewe zabuni ya kuzibua mitaro katika vipande vinavyopita kwao, kwa malipo, kabla ya masika na kabla ya vuli. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hatapona kwa kuangalia tu.

Kuhusu gharama ya baiskeli, hapa kuna kosa la kufikiri kwamba mchezo huu ni wa chombo cha bei kubwa. Kijana mwenye baiskeli ya kawaida ya gia, matairi mapana na breki zilizokazwa vizuri anaweza kuendesha njia nyingi za Usambara leo. Baiskeli si ngeni vijijini mwetu: imebeba maji, mkaa, ndizi na abiria kwa miaka mingi, na mafundi wanaonyoosha rimu kwa spana ya spoku na jicho tupu wapo karibu kila soko. Kinachokosekana ni mashine chache nzuri za kukodisha zinazomilikiwa na wenyeji, vipuri, na mafunzo ya breki za diski. Hiyo ni biashara ambayo kijana wa Lushoto anaweza kuianza kwa mtaji mdogo kuliko wa gari la utalii. Na timu ya Amani imeonyesha kwamba vijana wa Afrika Mashariki, wakipewa vifaa, wanaweza kushindana kwenye changarawe za mabara mengine.

Usalama ni pingamizi la nne, na halifai kupuuzwa. Nahodha wa timu ya Amani, Sule Kangangi wa Kenya, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya changarawe jimboni Vermont, Marekani. Alikuwa mwendeshaji hodari. Kifo chake kinatukumbusha kwamba mteremko wa kokoto hauheshimu jina la mtu. Usambara ina miteremko mirefu, kona zisizoonyesha mbele, malori ya mboga yanayowahi soko, na bodaboda wanaozima injini kuokoa mafuta wakishuka bila sauti. Jibu ni kuchagua njia kwa akili: kuepuka barabara za malori siku za soko, kuweka vibao vya tahadhari kabla ya kona kali, kuelekeza mzunguko ili mlima mkali upandwe badala ya kushukwa, na kuweka wazi kwenye ramani zahanati iliyo karibu na namba ya kupiga. Vibao hivyo pia vitawasaidia bodaboda, ambao ndio wengi wanaoumia kwenye kona hizo hizo.

Kazi ya kuanzia si kubwa. Halmashauri za Lushoto na Bumbuli, TARURA na TFS zinaweza kukaa na vijiji na kuchagua mizunguko mitatu: mfupi wa kuzunguka Lushoto na Magamba, wa wastani wa Soni na Bumbuli, na mrefu wa siku mbili au tatu hadi Mtae na kurudi kwa Mlalo. Kila mzunguko uwekewe vibao, uchapishwe kwenye ramani inayopatikana bure, upangiwe ada ndogo inayolipwa kwa simu, na mapato ya kila kipande yaandikwe ukutani katika ofisi ya kijiji husika pamoja na mita za mtaro zilizozibuliwa kwa fedha hizo. Baada ya misimu miwili ya mvua itajulikana kama barabara zimekuwa bora kwa lori la viazi. Kama hazijawa, mpango utakuwa umeshindwa, hata kama wageni watakuwa wameongezeka. Kama zimekuwa, basi wilaya itakuwa imepata njia ya kutunza matawi ya barabara zake bila kungoja zamu ya lami, na njia hiyo itafaa kuigwa Uluguru, Upare na kila mahali penye vilima, misitu, na watu wanaoishi kwa barabara za vumbi.